Walipewa Tuzo na Rais, Kisha Wakafilisika

Wadau, msimu wa tuzo za biashara ukifika, fomu zinazunguka mjini kama kadi za michango ya harusi. Kampuni bora ya mwaka, mzalishaji bora, mjasiriamali kijana bora, huduma bora kwa wateja... yaani mpaka unachanganyikiwa. Hapa Tanzania ipo Tuzo ya Rais kwa wazalishaji wa viwandani, inayoandaliwa na CTI. Kenya wana ile ya Kampuni ya Mwaka ya Kenya Institute of Management. Na kule Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kuna mabanda yanayotoka na vikombe. Bosi anavaa suti, anapiga picha na mgeni rasmi, na kesho yake gazetini kuna tangazo la ukurasa mzima: tunawashukuru wateja wetu.

Sasa mimi mwandishi wa habari nimeshakaa kwenye kumbi za namna hiyo (waandishi huwa tunawekwa nyuma kabisa, karibu na jikoni, jambo ambalo si baya hata kidogo). Kila nikiona mshindi anapanda jukwaani najiuliza: huyu jamaa amepata nini kwa kushindana? Namaanisha ukiacha kile kioo kilichochongwa jina lake. Na aliyeshindwa je, amepoteza nini?

Jibu nimelikuta kwenye historia ya tuzo mbili, ya Japani na ya Marekani, na hasa kwenye kisa cha kampuni moja ya kuuza mabomba ya chuma mjini Houston, Texas. Ni hadithi ya zaidi ya miaka thelathini iliyopita, lakini ukiisoma utadhani ni ya mtu unayemfahamu pale Kariakoo. Twende taratibu.

Tuanzie Tokyo, 1950. Vita vimeisha miaka mitano tu nyuma, Japani ipo chini ya jeshi la Marekani, viwanda ndiyo kwanza vinafufuka, na bidhaa zake zinachekwa dunia nzima. Ukisikia "imetengenezwa Japani" wakati huo ujue ni kitu cha kuharibika kesho. Chama cha wanasayansi na wahandisi wa Japani, kwa kifupi JUSE, kikamwalika Mmarekani mmoja mtakwimu, W. Edwards Deming, aje kufundisha. Deming alikuwa ameshafika Japani mwaka 1947 kusaidia mambo ya sensa. Julai 1950 akaendesha kozi ya siku nane kuhusu kutumia takwimu kusimamia ubora kiwandani. Akakutana pia na wakuu wa makampuni makubwa, akawaambia kwamba wakifanya kazi hiyo sawasawa dunia itanunua mali zao.

Mihadhara yake ikachapishwa kuwa kitabu. Deming alipopewa mrabaha wake akaukataa, akawaachia JUSE waufanyie chochote kinachofaa. JUSE wakaanzisha tuzo na kuipa jina lake. Tuzo ya Deming ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1951, na katika kampuni nne za kwanza zilikuwemo Showa Denko na kampuni ya chuma ya Yawata.

Sasa zingatia hapa, maana ndipo penye mzizi wa maneno. Tuzo ya Deming si mbio. Hakuna wa kwanza wala wa pili. Kampuni inaomba kukaguliwa, maprofesa na wataalamu wanaingia kiwandani wanauliza maswali mpaka jasho linakutoka, na ukifikia kiwango unapewa. Wakifikia kumi, wanapewa kumi. Asipofikia mtu, hapewi mtu. Ni kama mtihani wa udereva. Hakuna anayekunyima leseni kwa sababu jirani yako anaendesha vizuri zaidi.

Kwa hiyo makampuni ya Kijapani yaliitumia kama kisingizio kizuri cha kujipanga. Bosi anatangaza kwamba baada ya miaka mitatu au minne tutaomba kukaguliwa, na kuanzia siku hiyo kila idara inajua kuna mgeni anakuja. Si unajua nyumba inavyosafishwa ukisikia wakwe wako njiani? Tofauti ni kwamba wakwe hawa wanafungua mpaka makabati. Toyota ilianza kujipanga hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikapata tuzo mwaka 1965. Mengine mnayajua, angalieni tu barabarani.

Huku nyuma Marekani wenyewe walikuwa wamemsahau kabisa Deming. Mpaka Juni 1980, pale televisheni ya NBC iliporusha kipindi kilichouliza kama Japani inaweza, kwa nini sisi tusiweze. Wamarekani wakashtuka kwamba mzee aliyewafundisha Wajapani yupo hai, ana miaka karibu 80, na anaishi Washington. Simu zikaanza kulia. Nabii hakubaliki kwao, au sio?

Kampuni ya kwanza nje ya Japani kuomba na kupata Tuzo ya Deming haikuwa ya magari wala redio. Ilikuwa ya umeme: Florida Power & Light, mwaka 1989. Walikuwa wamewaona Wajapani wenzao wa Kansai Electric, waliopata tuzo hiyo mwaka 1984, wakavutiwa. Chini ya bosi wao John Hudiburg wakaanza kupima kila kitu, na kikubwa kuliko vyote: kwa mwaka mzima, mteja wa kawaida anakosa umeme dakika ngapi? Ndiyo, dakika. (Sisi tuliopitia miaka ya mgao tuliokuwa tukihesabu kwa masaa, tupumue kidogo hapa.) Dakika zile zilipungua kweli, hilo halina ubishi.

Lakini maandalizi ya ukaguzi yalikuwa mateso. Watu walifanya kazi ya umeme mchana, na baada ya hapo kazi ya pili ya kuandaa chati, majedwali na majibu ya maswali ambayo Wajapani wangeweza kuuliza. Tuzo ikapatikana, shangwe zikapigwa. Kisha akaingia mkuu mpya, James Broadhead, akazunguka kuzungumza na wafanyakazi. Mwaka 1990 akawaandikia barua, kwa ufupi akisema kwamba walalamikaji ni wengi mno, kwamba kampuni imezama kwenye taratibu na makaratasi ya ubora mpaka imesahau wafanyakazi ni watu. Idara kubwa ya ubora ikakatwa ikabaki kijiidara. Yaani hata mwaka mmoja haujaisha vizuri tangu wapokee medali!

Hudiburg huyohuyo, pamoja na mbunge mmoja wa Florida, Don Fuqua, ndio waliokuwa mstari wa mbele kutaka Marekani iwe na tuzo yake yenyewe. Muswada ulikuwa unajivuta bungeni mwaka hata mwaka. Halafu Julai 25, 1987, waziri wa biashara wa serikali ya Reagan, Malcolm Baldrige, ambaye pamoja na suti zake zote alikuwa mpenda farasi na mshiriki wa michezo ya rodeo, akaangukiwa na farasi wake akiwa mazoezini California, akafariki. Alikuwa kipenzi cha wengi. Muswada ukapewa jina lake, ukapita chapuchapu, na Agosti 20 mwaka uleule Reagan akausaini kuwa sheria. Bunge ni bunge tu, popote duniani linahitaji kusukumwa.

Tuzo ya Baldrige ilifanana na ya Deming kwa sura, lakini waliotunga waliweka mambo mawili tofauti. La kwanza, waliigeuza mashindano. Makundi matatu (viwanda, huduma, na biashara ndogo), na kila kundi washindi wasiozidi wawili kwa mwaka. La pili, aliyeshinda aliwajibika kuwaeleza wenzake alivyofanya. Kuhutubia, kupokea wageni, kufungua milango. Nia ilikuwa nzuri kabisa: taifa zima lijifunze. Litunze akilini jambo hili, tutalirudia.

Mwombaji alijaza maelezo marefu, kurasa 50 mpaka 75, kujibu maswali ya sehemu saba zenye jumla ya alama 1,000. Wakaguzi wa kujitolea waliyasoma, waliofanya vizuri walitembelewa kwenye maeneo yao, na kila aliyeomba, ameshinda au hakushinda, alirudishiwa ripoti ya kurasa kadhaa inayomweleza wapi yuko imara na wapi panavuja. Sehemu yenye alama nyingi kuliko zote ilikuwa kuridhika kwa mteja, alama 300. Na faida je? Fedha benki? Hapo ndipo penye kitendawili. Katika miaka ile ya mwanzo hali ya fedha ya kampuni haikuwa na sehemu yake kwenye zile alama. Waliamini mteja akiridhika, pesa zitakuja zenyewe.

Mwaka wa kwanza, 1988, waliomba 66 na wakashinda watatu: Motorola, kitengo cha nishati ya nyuklia cha Westinghouse, na kampuni ndogo ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia, Globe Metallurgical ya Beverly, Ohio. Kundi la huduma halikupata mshindi hata mmoja. Nawapenda kwa hilo. Siku hizi waandaaji wengi wangetafuta yeyote wa kumpa.

Globe nataka tuikalie kidogo. Ni kiwanda cha kuyeyusha silikoni na vyuma vya kuchanganya, watu kama mia mbili tu, tanuru na moshi. Mteja wao mkubwa alikuwa sekta ya magari, na katikati ya miaka ya 1980 Ford iliwaambia wauzaji wake wote: mtakaguliwa ubora, asiyefikia kiwango tutaachana. Globe wakajikagua wakakuta hali mbaya. Wakaanza kurekebisha. Katikati ya safari, mwaka 1986, wafanyakazi wa Beverly wakagoma. Mkuu wa kampuni, Arden Sims, na mameneja wake wakavua tai wakaingia kwenye matanuru kufanya kazi wenyewe, zamu za masaa 12. Huko ndani, kwenye joto, wakagundua mambo ambayo ofisini hawakuwahi kuyaona: hatua zisizo na maana, mpangilio mbovu, sheria ambazo mtu fulani alizitunga zamani na hakuna anayekumbuka kwa nini. Wakazibadilisha mojamoja. Ni namna chungu ya kujifunza, na sidhani waliogoma wanaikumbuka kwa furaha, lakini ilifanya kazi.

Sasa kuna simulizi inayopendwa sana na wataalamu wa Baldrige. Tangazo la tuzo lilipotoka, ofisa wa Globe aliyekuwa akisimamia ubora aliandika maombi yote ndani ya siku za wikiendi moja, kwenye kompyuta yake. Aliweza kwa sababu majibu yote yalikuwa yapo. Kazi ilishafanyika kwa ajili ya Ford, fomu ilikuwa ya kunakili tu.

Linganisha na wakubwa. Xerox, washindi wa 1989, inatajwa kwamba walitumia kama dola 800,000 kujiandaa. Corning, walioomba mwaka uleule na hawakushinda, masaa ya kazi 14,000. Masaa 14,000 ni mtu mmoja kufanya kazi miaka saba! Sisemi walipoteza; Corning wenyewe walikuwa makini sana na mambo ya ubora. Ila mnaona umbali uliopo kati ya kampuni inayojibu swali na kampuni inayotafuta jibu.

Haya, sasa Houston.

Wallace Company ilikuwa biashara ya familia, iliyoanzishwa miaka ya 1940. Wauzaji wa mabomba, valvu na viungio kwa viwanda vya mafuta na kemikali vya pwani ya Ghuba ya Mexico. Walikuwa hawatengenezi kitu. Wananunua kwa mwenye kiwanda, wanahifadhi, wanapeleka kwa mteja. Unajua hiyo biashara: faida yako ni kile kipande chembamba katikati, na ukichelewa kupeleka mzigo kuna wengine kumi wenye bomba lilelile.

Mafuta yalipokuwa juu walikula vizuri, wakiuza kwa wajenzi wa mitambo mipya. Bei ya mafuta ikaporomoka katikati ya miaka ya 1980, na Houston ikageuka mji wa vibao vya "Inauzwa". Hakuna aliyejenga mtambo mpya. Kilichobaki ni kuuza vipuri vya matengenezo. Na hapohapo, 1985, mteja wao mkubwa Celanese akawaambia anapunguza idadi ya wauzaji, atabaki na wale wenye mpango wa kweli wa ubora. Ndivyo Wallace walivyoingia kwenye safari hii. Hawakuota ndoto ya tuzo. Walikuwa wanaogopa kufa njaa, jambo la heshima kabisa.

Na waliifanya kwa moyo. Viongozi watano wa juu walikaa darasani kila mmoja zaidi ya masaa 200. Wafanyakazi kama 280, katika ofisi za Texas, Louisiana na Alabama, wote wakafundishwa. Wakaanza kupima kila kosa: ankara yenye bei isiyo sahihi, mzigo uliofika nusu, simu ambayo haikupokelewa. Mwaka 1987 mizigo iliyofika kwa wakati ilikuwa asilimia 75. Kufikia 1990 ilikuwa asilimia 92. Sehemu yao ya soko ilipanda kutoka asilimia 10.4 mpaka 18. Hizi si namba za kupika, wakaguzi walikwenda wakaziona.

Wakaomba Baldrige. Mwaka 1990 waombaji walikuwa 97, na washindi wanne: Cadillac, IBM ya Rochester, Federal Express (kampuni ya kwanza ya huduma kushinda), na Wallace. Mwuza mabomba mmoja na majitu matatu! Mwishoni mwa mwaka wakaenda Washington kupokea tuzo kutoka kwa Rais George Bush, yule baba.

Nyumbani hali ilikuwa hivi. Ubora wote ule ulikuwa na gharama. Mafunzo, kompyuta, watu wa kufuatilia takwimu. Wallace wakajaribu kupandisha bei kidogo ili kulipia. Wateja, walewale waliokuwa wakisifia huduma, wakasema hapana. Bomba ni bomba, mwenzenu anauza kwa bei ya zamani. Halafu uchumi wa Marekani ukaingia kwenye mdororo, 1990 kuelekea 1991, na wateja wakazidi kubana. Na kumbuka lile sharti la mshindi. Nchi nzima ikataka kuwasikia Wallace. Wakubwa wa kampuni wakawa watu wa kupanda ndege kwenda kuhutubia, na ofisini Houston wageni wakawa wanafika kwa makundi kutembezwa. IBM ina watu maelfu wa kufanya kazi hiyo. Wallace walikuwa na viongozi watano, na hao watano ndio walewale waliotakiwa kuwa kwenye simu wakibembeleza mteja na benki.

Kufikia 1991 kampuni ilikuwa inapata hasara. Wakapunguza wafanyakazi, watu walewale waliofundishwa kwa gharama kubwa. Benki ikachoka kusubiri mkopo wake. Mwaka 1992 Wallace wakaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, na kampuni ikaishia mikononi mwa wengine.

Magazeti yakachekelea, bila shaka. Mshindi wa tuzo ya taifa ya ubora, amefilisika! Kichwa cha habari kama hicho kinajiandika chenyewe, nami nakiri ningekiandika. Lakini ukikaa ukafikiri, ni nani hasa alikosea? Wallace hawakudanganya. Mizigo ilifika kweli. Majaji hawakuhongwa. Waliulizwa wapime alama 1,000 wakazipima. Shida ni kwamba katika zile 1,000 hakuna swali lililouliza: ndugu, mwezi ujao mshahara unao?

Walijifunza, tuwape haki yao. Kufikia 1997 maswali yalikuwa yameandikwa upya, na sehemu ya matokeo ya biashara, fedha zikiwemo, ikapewa alama 450 kati ya 1,000. Karibu nusu! Mimi naona hayo ndiyo makaburi ya Wallace, yameandikwa kwa tarakimu.

Ugomvi kuhusu tuzo hii haukuanzia kwa Wallace. Cadillac, washindi wenzao, walipewa mwaka uleule ambao kampuni mama yao General Motors ilipata hasara ya karibu dola bilioni 2, na wapo waliouliza majaji walikuwa wanaangalia gari gani. Motorola nao, baada ya kushinda, waliwataka wauzaji wao wajiandae kuomba Baldrige, wakavunja urafiki na wale waliokataa. Yaani shindano la hiari likawa la lazima kwa mlango wa nyuma.

Na mpinzani mkali kuliko wote? Deming mwenyewe. Mzee alikuwa ameandika miaka ile ya 1980 kwamba kupanga watu na idara kwa madaraja, na kuwapa alama kila mwaka, ni moja ya maradhi yanayoua makampuni ya Kimarekani. Tuzo ya washindi wawiliwawili haikumwingia akilini hata kidogo. Wengine walimcheka kwamba anapinga tuzo wakati kuna medali Japani yenye sura yake. Lakini kumbuka ile leseni ya udereva. Kwa Deming hilo lilikuwa jambo tofauti kabisa, na nadhani alikuwa sahihi kuliko waliomcheka. Alifariki Desemba 1993, akiwa na miaka 93, mpaka siku za mwisho akiendelea na semina zake.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, nisije nikaonekana nimeegemea. Mwaka 1991 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilichukua makampuni 20 yaliyopata alama za juu kwenye Baldrige ya 1988 na 1989, washindi na wasioshinda pamoja, ikauliza wamepata nini. Kwa sehemu kubwa wafanyakazi walitulia, kazi ilienda haraka, wateja walibaki, na hata faida ikapanda. Kwa wastani matunda yalichukua miaka miwili na nusu kuonekana. Angalia hiyo miaka miwili na nusu halafu mwangalie Wallace, ambaye benki haikumpa hata muda wa kupumua.

Miaka ikaenda. Xerox, wale wa dola 800,000, kufikia 2000 walikuwa kwenye matatizo makubwa ya fedha, na 2002 wakakubali kulipa faini ya dola milioni 10 kwa mamlaka ya masoko ya hisa kwa sababu ya mahesabu yao. Motorola, ambao wengi wetu simu zao ndizo tulizoshika mwanzo, walikuja kuuza biashara yote ya simu kwa Google mwaka 2012. Globe, vijana wetu wa wikiendi moja, nao waliingia mahakamani kuomba kinga ya wadai mwaka 2003, miaka 15 baada ya ushindi, ila kiwanda cha Beverly kilisimama tena chini ya wenye mali wengine. Na palepale Houston, Enron ilisifiwa na jarida la Fortune kama kampuni yenye ubunifu kuliko zote Marekani miaka sita mfululizo, 1996 mpaka 2001. Desemba 2001 ikaanguka kwa kishindo, na ule haukuwa mdororo, ulikuwa wizi.

Huku kwetu mbegu ya Deming ilifika kwa kuzungukia Tokyo. Mwaka 2013 wizara ya viwanda ya Tanzania na shirika la Kijapani la JICA walianza mradi wa kufundisha kaizen viwandani: kupanga zana, kufuta hatua zisizo na kazi, kupima makosa madogomadogo kila siku. Baadaye yakazaliwa hata mashindano ya kaizen. Ukitembelea kiwanda chenye mstari wa njano sakafuni na ubao wa namba ukutani, ujue umesimama kwenye jambo lilelile la 1950.

Nimebakiza namba moja tu, ambayo naipenda kuliko zote. Kile kijitabu cha maswali ya Baldrige kilikuwa cha bure, unaomba unaletewa. Mwaka ule wa Wallace, 1990, ziliombwa nakala zaidi ya 150,000. Waliorudisha maombi, kama nilivyosema, ni 97. Wale wengine wote walichukua maswali, wakajifungia nayo ofisini, na hakuna rais aliyewashika mkono wala gazeti lililojua walijibu nini.